Mkate Ulioliwa Siku ya Sita ya Ramadhani

Majalada ya Mwalimu Thuwaiba yalikuwa mazuri kuliko masomo yake. Kwa kuwa masomo hupita na majalada hubaki, aliheshimiwa kwa majalada.

Alisomesha hisabati darasa la nne katika skuli moja ya msingi nyuma ya majumba ya Michenzani, na mwenyewe akiishi ghorofa ya tatu ya majumba hayo hayo, kwa hivyo kwenda kazini kulimchukua muda mfupi kuliko kushuka ngazi. Kila Ijumaa baada ya sala, mumewe Amour akiwa amejilaza, yeye alikaa mezani na rula, kalamu mbili na rundo la karatasi za andalio la somo za kutia jaladani. Andalio ni karatasi ambayo mwalimu hueleza ndani yake atakachosomesha, kwa zana gani, kwa hatua gani na kila hatua dakika ngapi. Mistari yake Thuwaiba ilinyooka. Vichwa vya habari alivipigia mstari mwekundu. Walimu wapya waliletwa kuyatazama majalada yake kama wageni wanavyopelekwa kutazama milango ya Mji Mkongwe, nao walitoka wakitikisa vichwa namna ileile.

Chini kabisa ya kila andalio kuna kisanduku kilichoandikwa: "Maoni ya mwalimu baada ya somo." Hapo mwalimu anatakiwa aseme nani amefahamu, nani bado, na kesho afanye nini. Ni kisanduku kidogo, na aliyekibuni bila shaka alikuwa na nia njema. Lakini mwalimu mkuu, Maalim Simai, hakupenda uwazi katika karatasi. Muhuri wake aliupiga Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, na andalio lenye kisanduku kitupu alilirudisha kwa mwenyewe kwa sababu, alivyosema, halijakamilika. Ikabidi basi maoni ya baada ya somo yaandikwe kabla ya somo. Skuli nzima ilifanya hivyo kwa miaka kumi na moja na hapakuwa na mtu aliyeumwa kichwa.

Wengi waliandika tu "Somo limefahamika." Thuwaiba, ambaye alikuwa mtu makini, aliandika: "Wanafunzi 43 kati ya 45 wamefahamu." Wale wawili wasiofahamu hawakuwa na majina. Aliwaweka kwa ajili ya ukweli.

Mwanzoni mwa mwaka kituo kimoja cha walimu kilitangaza kwamba kinamtafuta mtu wa kuwafunza walimu wa Unguja namna ya kuandaa masomo. Thuwaiba alikitaka cheo hicho kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Alikuwa ameshika chaki miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alisomesha vizuri. Walimwambia tu kwamba aliandika vizuri. Alidhani akiwa mfunzi, mambo hayo mawili hatimaye yangekuwa jambo moja. Yalibaki majina mawili: lake, na la mwalimu mmoja wa pwani ya Kendwa, ambaye ilisemekana maandalio yake yana mchanga ndani.

Mkaguzi atakayeamua aliitwa Bi Jokha. Alikuja siku ya kumi na tatu ya Ramadhani, saa tatu asubuhi, akaketi katika ofisi ya Maalim Simai na kuomba jalada la Thuwaiba. Alilifungua kwa heshima. Alisoma karatasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne aliisoma mara mbili, akaishusha miwani, akatazama kalenda ukutani.

"Mwalimu Thuwaiba!" Maalim Simai aliita kutoka mlangoni.

"Naam."

"Hebu njoo mara moja."

Thuwaiba alikuja akifuta chaki mikononi. "Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Jumanne ya wiki iliyopita ulisomesha nini?"

"Sehemu. Robo na thumuni, ipi kubwa."

"Kwa zana gani?"

"Ubao na chaki, Bi Jokha."

"Mbona hapa pana mikate." Bi Jokha aliinua karatasi akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya boti. "'Zana: mikate minane ya kumimina. Minne ikatwe robo, minne ikatwe thumuni. Hatua ya nne, dakika tano: wanafunzi wanakula vipande vyao. Mwalimu anakula kipande kimoja kama mfano.' Tarehe ni siku ya sita ya Ramadhani. Kipindi cha pili, saa tatu za asubuhi."

Ofisini walikuwamo watu watatu, na wote walikuwa wamefunga.

Mkate huo ulikuwepo kweli, lakini mwaka uliopita. Thuwaiba aliona watoto wote wanaamini thumuni, yaani moja ya nane, ni kubwa kuliko robo, akaoka mikate minane, akaikata mbele yao, na kila mtoto akaambiwa achague. Mmoja aitwaye Jamil alikimbilia thumuni kwa kuwa nane ni nyingi, akapewa kipande chake, akakitazama na cha mwenzake, akapiga ukelele, "Mwalimu, umenipunja!" Darasa zima likafahamu kwa pamoja. Pengine ndilo somo lake bora katika miaka kumi na sita. Ndiyo maana mwaka huu, futari zikiwa zimemshika na Ijumaa ikiwa fupi, alinakili andalio lile neno kwa neno akabadilisha tarehe tu. Hesabu za sehemu husomeshwa wiki ileile ya mwezi wa pili kila mwaka. Ramadhani, kama ajuavyo kila mtu wa Unguja isipokuwa karatasi ya andalio, husogea nyuma siku kumi na moja.

"Watoto wa darasa la nne," alianza Maalim Simai kwa upole, "kisharia, Bi Jokha, hawajabaleghe. Saumu si faradhi juu yao."

"Na mwalimu naye hajabaleghe?"

Maalim Simai aliutazama muhuri wake. Ulikuwa chini tu ya sentensi ya mwalimu kula kama mfano, wino wa buluu, umekolea vizuri.

"Thuwaiba," alisema Bi Jokha, "watoto walikula au hawakula?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Akisema walikula, kabla ya adhuhuri Darajani yote itajua kwamba yuko mwalimu Michenzani anayewafuturisha watoto wa watu saa tatu asubuhi, na atahama kisiwa. Akisema hawakula, basi ameandika uongo katika karatasi ya serikali, na cheo cha kuwafunza wenziwe kuandika karatasi hizo kitakwenda Kendwa pamoja na mchanga wake.

"Hawakula."

"Basi haya nani kayaandika: 'Wanafunzi wamefurahia mkate. 43 kati ya 45 wamefahamu'?"

"Mimi."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa iliyofuata?"

"Ijumaa iliyotangulia."

Bi Jokha hakupandisha sauti. Alivuta jalada la pili juu ya meza, la Mwalimu Yusra wa darasa la nne B, kijana mwenye mwaka mmoja kazini ambaye huletewa maandalio ya Thuwaiba kwa simu na kuyanakili kwa mapenzi. "Na hawa wa B nao wamekula mkate. Wamefahamu 43. B wako wangapi?"

"Thalathini na wanane," alisema Maalim Simai, akitazama nje.

"Walialika majirani?"

Bi Jokha akainuka. "Twendeni darasani. Karatasi nshaisoma, sasa n'nataka kuwaona hao 43."

Walikuwepo arobaini siku ile; wengine watano walikuwa wagonjwa wa Ramadhani, maradhi yanayopona Idi. Bi Jokha aliandika ubaoni moja ya nne na moja ya nane, akauliza ipi kubwa. Mikono ishirini na tisa ilinyooshwa kwa thumuni, kwa furaha na bila shaka yoyote. Tisa wakachagua robo. Wawili walikuwa wamelala. Thuwaiba, akiwa amesimama nyuma ya darasa, alihesabu mara mbili, kisha akagundua kwamba katika miaka kumi na sita hii ndiyo mara ya kwanza kuhesabu.

Nje, kwenye ngazi, Bi Jokha alimwambia, "Mwanangu, sikufukuzi na sikuandiki vibaya. Bado. Yule wa Kendwa maandalio yake yanatia aibu, lakini hanakili ya mwaka jana. Nitarudi Jumatatu. Somo hilihili, watoto hawahawa, Ramadhani hiihii. Kile kisanduku cha mwisho uniachie wazi. Utakijaza mbele yangu, baada. Nikiona namba uliyokuja nayo kutoka nyumbani, naondoka zangu."

Ijumaa ilipofika Thuwaiba alikaa mezani na rula yake, na hakuna kilichotoka. Aliandika "Utangulizi, dakika tano", akaufuta. Akaandika "Wanafunzi wanajibu maswali", akajiuliza maswali gani, wanajibu nini. Hakujua. Alijua hatua za somo kama anavyojua sura fupi za Kurani, kwa mpangilio na kwa kasi, lakini alichokuwa nacho mtoto kichwani mwake pale anapokaa kitini, hicho hakikuwa na kisanduku, na kwa hivyo hakuwahi kukifikiria.

Alasiri alishuka ngazi. Ghorofa ya kwanza alimkuta Tahir, mwanafunzi wake, amekaa kwenye ngazi akingoja magharibi, kazi pekee iliyobaki kwa mtu wa miaka kumi aliyefunga.

"Tahir, baina ya robo na thumuni, kubwa ipi?"

"Thumuni, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Tahir alimtazama kwa huruma. "Nane si kubwa kuliko nne?"

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu. Thuwaiba akaketi kwenye ngazi pembeni yake, jambo ambalo walimu wenye majalada mazuri hawalifanyi.

"Jana kwenu mlifuturu wangapi?"

"Wanne."

"Na juzi?"

"Juzi alikuja ami Abdulla na wanawe. Tukawa wanane."

"Mkate ulikuwa mkubwa siku ipi?"

"Mkate uleule, Mwalimu. Mama anaoka mmoja tu."

"Sasa wewe ulipata kipande kikubwa lini?"

"Jana! Juzi nlipata kama hivi." Tahir akaonyesha ukucha wa dole gumba. Akautazama ukucha kwa muda mrefu, kana kwamba umemwambia kitu. "Mwalimu," alisema polepole, "juzi ndiyo thumuni?"

Thuwaiba alipanda ngazi ghorofa mbili bila kupumzika.

Safari hii alianza kuandika kutoka chini ya karatasi. Aliandika kwanza kile ambacho mtoto ataweza kukifanya kengele ikilia, asichoweza kukifanya ilipolia mwanzo: achague kipande kikubwa, na aseme kwa maneno yake kwa nini ni kikubwa. Ilikuwa sentensi moja na ilimchukua nusu saa. Chini yake akaandika kosa watakalokuja nalo, na kwamba kosa hilo lina sababu, na sababu hiyo isichekwe. Kisha swali moja tu, la futari: mlikuwa wangapi, na kipande chako kilikuwaje. Kisha kazi ya mikono. Mwisho kabisa akagawa dakika, na hapo aliumia, maana kila alipohesabu aliona watoto wanahitaji ishirini za kuzungumza na yeye zinamtosha tano. Zilibaki tano alizokuwa hajui za nini. Alifikiri, akaandika: "Dakika tano: sijui. Itategemea watakavyosema." Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Karatasi ilijaa nusu tu.

Ilibaki zana. Amour anauza vitambaa Mlandege, na wiki ile duka lake lilikuwa limejaa watu wanaotafuta nguo za Idi.

"Nnataka vipande vya kitambaa cha kanzu," alimwambia aliporudi nyumbani usiku. "Vya duara. Ishirini."

"Vya duara!" Amour aliinua kichwa. "Mwaka jana mikate minane iliondoka humu, mie nkaambiwa ni elimu. Leo kitambaa. Mwakani utataka duka."

"Mabaki tu, bwana. Yale unayoyatupa."

"Mie situpi kitu Ramadhani," alisema Amour, lakini kesho yake aliyaleta, akakata akitumia kifuniko cha sufuria kupimia, na kipande cha mwisho alikikata vizuri kuliko cha kwanza.

Jumatatu asubuhi Maalim Simai aliipokea karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena, akitafuta iliyobaki.

"Mwalimu, hapa umeandika 'sijui'."

"Ndiyo, Maalim."

"Mie sipigi muhuri kwenye 'sijui'."

"Basi piga pembeni."

"Na kisanduku?"

"Hicho baada ya somo."

"Baada ya somo mie nshafunga droo." Alimtazama Bi Jokha aliyekwisha kukaa kwenye benchi la nje na mkoba wake, akashusha pumzi, akapiga muhuri pembeni kabisa mwa karatasi, nusu ukiwa juu ya meza.

Somo lenyewe halikuwa zuri la kutazama. Kulikuwa na kelele. Thuwaiba aliuliza swali lake la futari, na watoto wote wakataka kusema kwa pamoja walivyokuwa wangapi na walivyokula nini, mpaka njaa ikalijaa darasa kama harufu. Makundi yalikunja vitambaa, kimoja mara mbili kupata robo, kingine mara tatu kupata thumuni, wakakata, wakaweka kipande juu ya kipande. Kundi moja lilivaa robo kichwani kama kofia na kuthibitisha kwamba thumuni haimkai mtu. Mara tatu Thuwaiba alifungua mdomo aeleze, na mara tatu akakumbuka zile dakika zake tano akaufunga. Mwisho kila mtoto alipewa karatasi ndogo aandike ipi kubwa, na kwa nini.

Kengele ikalia. Bi Jokha na Maalim Simai walikuja hadi mezani pake. Waliohudhuria walikuwa thelathini na tisa. Thuwaiba alizisoma karatasi zote, moja moja, akizigawa mafungu mawili, na watu wazima wawili wakimtazama mikono. Fungu moja likawa thelathini na moja. La pili nane.

"Nane nyingi," alinong'ona Maalim Simai. "Wengine mwandiko mbaya tu, Mwalimu. Wahesabu ndani. Cheo hicho."

Ilikuwa kweli kwamba wawili kati ya wanane mwandiko wao ungeweza kusomeka vyovyote. Kalamu ilikuwa mkononi. Namba thelathini na tatu ilikuwa nzuri, ilijaa kisanduku vizuri, na yeye alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na moja wa kuandika namba za aina hiyo. Bi Jokha alitazama dirishani, kwa adabu.

Thuwaiba akaandika: "31 wamefahamu. 8 bado." Akaandika majina ya wanane wote, na herufi zikabidi ziwe ndogo. Kisha akachukua karatasi ya msichana aitwaye Maha, akaisoma tena, na kisanduku kilipojaa akageuza andalio na kuendelea nyuma: "Maha anasema thumuni ni kubwa kwa sababu kwao wageni wakiwa wengi kila mmoja huja na sahani yake, na chakula huzidi. Hajakosea kufikiri. Mimi sikuuliza swali vizuri. Kesho dakika kumi za mwanzo ni zake na wenzake: wageni waje mikono mitupu."

Bi Jokha alisoma mbele na nyuma. Alisoma sehemu ya Maha mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kumi na tatu ya Ramadhani alikuwa na uso wa mtu aliyekunywa maji.

"Kwao ni wakarimu," alisema.

"Sana, Bi Jokha."

"Hii karatasi naichukua." Akaikunja pamoja na muhuri wake nusu, akaitia mkobani. Maalim Simai aliinua mkono kupinga, maana jalada sasa litakuwa na uwazi, kisha akaushusha.

Kesho yake wageni walikuja mikono mitupu. Sita kati ya wanane wakafahamu, Maha wa kwanza, ingawa alisema si tabia nzuri. Wawili walibaki. Thuwaiba aliona ajabu kwamba hatimaye walikuwa wawili kweli, na kwamba walikuwa na majina.

Barua ya cheo ilifika baada ya Idi. Ilikuwa na pongezi mistari miwili na kiambatisho kurasa tatu: fomu ya mafunzo ya kwanza, ijazwe na mfunzi kwa nakala mbili na kurejeshwa siku saba kabla. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku: "Maoni ya washiriki kuhusu mafunzo." Thuwaiba alijaza yote, hicho akakiacha, akaipeleka. Baada ya siku tatu ilirudi na kikaratasi kilichobanwa juu yake: "Haijakamilika."

Aliisoma Ijumaa mezani pake, Amour akiwa amejilaza. Akatoa kile kikaratasi taratibu kisichanike, akaitia fomu katika bahasha mpya, kisanduku kikiwa kitupu vilevile, akaandika anuani. Chini ya bahasha, akitumia rula, akapiga mstari mwekundu.